Asiyejua ndiye ashike chaki: namna tulivyosoma seli na usafirishaji barazani kwa bibi

Nilirudia kidato cha pili. Naanza na hilo mjue kabisa kwamba anayewaandikia hakuwa wa kwanza darasani. Mwaka wa kwanza nilikuwa na kundi la diskasheni la watu kumi na moja, tukikutana chini ya mkungu nyuma ya madarasa. Mmoja anasoma madesa kwa sauti, kumi tunanakili. Daftari langu lilikuwa zuri mno, na Baiolojia nikapata F.

Mwaka uliofuata tulikuwa watano, barazani kwa bibi yangu, Ngamiani, Tanga. Tulipitia mada zilezile, vitabu vilevile, na safari hii sote watano tulifaulu. Sasa nasomea maabara, na mdogo wangu yuko kidato cha pili anauliza waanzeje. Nimemwandikia yeye, na nyinyi wenzake someni.

Kwanza idadi. Wanne au watano wanatosha. Wakifika wanane, wawili watakuwa wanapiga soga na mmoja atakuwa amefuata maandazi tu. Siku zetu zilikuwa Jumatano baada ya masomo na Jumamosi saa nne mpaka saa saba, tukishamaliza kufua. Ubao wetu ulikuwa mlango wa kabati bovu uliopakwa rangi nyeusi.

Kanuni ilikuwa moja: asiyejua ndiye ashike chaki. Kwetu kulikuwa na mmoja tuliyembandika jina la Profesa, akili nyingi kweli, na mwezi wa kwanza alifundisha yeye kila kitu. Tulikuwa tukiondoka tumeridhika, kumbe aliyezidi kuelewa ni yeye peke yake. Tukageuza. Kila mmoja anasoma mada nzima nyumbani, halafu anaandika kwenye kikaratasi kile kimoja kilichomshinda. Tukifika barazani, anasimama kueleza kilekile kilichomshinda. Profesa anakaa mwisho, na haruhusiwi kusema mpaka mwenzake akwame mara mbili. Utaona aibu siku mbili za kwanza, halafu itaisha. Na msigawane mada, wewe seli, mimi moyo, yule mimea. Mkigawana hivyo kila mtu ataingia kwenye mtihani na robo ya somo.

Seli zenyewe hazikutuchukua muda. Funga daftari, chora seli ya mmea na ya mnyama kwa dakika tano, fungua, jisahihishe kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho. Penseli iliyochongwa, mistari ya majina isikatizane, wala usipake vivuli kama unachora picha ya ukutani. Kosa lililotuumiza lilikuwa kuandika kwamba seli ya mnyama haina vakuoli, vile vifuko vya majimaji, kabisa. Huweza kuwa nazo, ila ni ndogo na za muda, wakati ile ya mmea ni moja kubwa ya kudumu. Kosa jingine ni kuchanganya ukuta na utando. Ukuta ni wa selulosi, uko kwenye mmea, unashikilia umbo. Utando uko kwenye seli zote, na wenyewe ndio bawabu anayeamua nini kipite. Shule yenu ikiwa na hadubini, mwombeni mwalimu mbandue kile kiwambo chembamba cha ndani ya gamba la kitunguu, mtie tone la iodini, mtazame. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke mwaka 1665 alitazama kizibo cha gome la mti akaona vyumba vitupu akaviita seli. Kwenye kitunguu mtaona na kiini, ambacho yeye hakukiona kwenye kizibo chake.

Tatizo lenyewe lilikuwa osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando. Jumamosi nzima tuligombana, nusura tuvunje kundi. Daftari la mmoja lilisema maji huenda kutoka kwenye ukolezo mdogo kwenda mkubwa. La mwingine likasema kutoka mkubwa kwenda mdogo. Wote wamenakili darasani, wote wana hakika. Profesa mwenyewe alibadilisha msimamo mara mbili.

Aliyetutoa ni yule mpole kuliko wote, ambaye siku hiyo chaki ilikuwa mkononi mwake. Alisema: tuacheni neno ukolezo, tuhesabu maji. Akachora bakuli mbili zenye utando katikati. Upande huu maji matupu. Upande ule sukari imekolea, kwa hiyo nafasi ya maji imepungua. Maji yaliko mengi? Huku. Machache? Kule. Basi yanakwenda kule. Daftari moja lilikuwa likizungumzia ukolezo wa sukari, jingine ukolezo wa maji. Tulikuwa tunapigania kitu kimoja. Tangu siku hiyo, swali lolote la osmosisi tunaanza kwa kuuliza: maji mengi yako wapi? Na tunaandika jibu lote kwa kutaja maji, hatuchanganyi katikati ya sentensi.

Difyusheni tuliielewa kwa ubani. Bibi akiwasha chetezo chumbani, baada ya muda sote barazani tunanusa. Chembe zimetoka ziliko nyingi kuja ziliko chache, na hazikuhitaji utando wowote. Usafirishaji amilifu tukaupa mfano wa daladala saa moja asubuhi. Kushuka kutoka kwenye gari lililojaa ni rahisi, unamwagika mwenyewe. Kuingia kwenye lililokwisha jaa ni lazima utumie nguvu. Hivyo ndivyo mizizi inavyovuta madini ambayo tayari ni mengi ndani yake kuliko kwenye udongo, na nguvu yake inatoka kwenye upumuaji wa seli. Ndiyo maana mahindi yakisimama kwenye maji yaliyotuama siku nyingi huwa ya manjano: mizizi imekosa oksijeni, nguvu hakuna, madini hayaingii ipasavyo.

Fanyeni jaribio la viazi, msilisome tu. Chukueni viazi mviringo vitatu, kimoja kichemsheni. Menyeni, kateni kitako kikae sawa, chimbeni shimo juu kama kikombe. Kibichi cha kwanza tieni kijiko cha sukari, kibichi cha pili acheni kitupu, kilichochemshwa tieni sukari. Vyote visimame kwenye sahani za maji, saa kadhaa. Cha kwanza shimo litajaa maji ya sukari. Kitupu kitabaki kitupu. Kilichochemshwa hakijai, sukari inalowa tu, kwa sababu moto umeshaua seli na utando haufanyi tena kazi yake. Swali la kwa nini kimoja kimechemshwa ndilo lililokuwa likitukosesha maksi. Andikeni kwenye sahani kwamba ni jaribio. Sisi vya kwanza bibi aliviosha akavitia kwenye mchuzi, akalalamika kwamba kimoja kitamu kama kalimati.

Jikoni kuna mengine. Kachumbari ukiitia chumvi mapema, ukirudi utakuta maji chini ya bakuli: yametoka kwenye seli za kitunguu na nyanya. Mchicha ulionyong'onyea sokoni ukinyunyiziwa maji unasimama tena. Halafu jiulizeni: mbona seli ya mchicha ikijaa maji haipasuki, na chembe nyekundu ya damu ikitiwa kwenye maji matupu inapasuka? Jibu ni ule ukuta wa selulosi. Hapa chuoni nimekuja kuelewa kwa nini dripu ya maji ya chumvi hospitalini huwa ya asilimia 0.9. Ikizimuka sana chembe zinavimba, ikikolea sana zinasinyaa. Ni kiazi kilekile.

Moyo tuliununua. Tulichanga, tukaenda buchani, tukaomba wa mbuzi ambao haujapasuliwa. Wa ng'ombe mara nyingi mkaguzi wa nyama huwa ameshaupasua, na hapo mtapata shida kufuata njia. Tia kidole kwenye kila mshipa uone kinatokea chumba gani. Kisha pasua, bonyeza kuta za ventrikali mbili, vile vyumba vya chini. Ya kushoto ni nene mara kadhaa, maana inasukuma damu mwili mzima, wakati ya kulia inapeleka mapafuni hapo jirani tu. Vali utaziona zimeshikwa na nyuzi nyeupe kama kamba za hema. Angalizo: kwenye mchoro, kushoto kwa moyo kuko mkono wako wa kulia, kwa sababu mwenye moyo anakutazama. Mwenzetu mmoja alikosea hilo mpaka wiki ya mwisho. Baadaye tuliupika.

Bado mzunguko ulikuwa unatupotea, ndipo tukauchora uani kwa jivu: vyumba vinne, atria mbili juu na ventrikali mbili chini, mapafu upande mmoja, mwili upande mwingine. Mmoja anakuwa chembe nyekundu. Anatoka mwilini mikono mitupu, anataja kila anapopita: vena kava, atria ya kulia, ventrikali ya kulia, ateri ya mapafu. Mapafuni anachukua kizibo cha soda, hiyo ndiyo oksijeni. Anarudi kwa vena ya mapafu, atria ya kushoto, ventrikali ya kushoto, aota, anakwenda kukiacha kizibo mwilini. Ukikosea jina unaanza upya. Hapo ndipo lile swali la mtego linapoacha kuwa mtego: ateri ya mapafu unaipita mikono mitupu. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, iwe na oksijeni au isiwe nayo. Watoto wa jirani walikuja kucheza, na wao wakaijua njia kabla yetu.

Mkipenda hesabu, kila pigo hutoa kama mililita 70, mapigo 72 kwa dakika. Zidisheni: karibu lita 5, dumu dogo la mafuta ya kupikia kila dakika. Kwa hoja ya namna hii daktari Mwingereza William Harvey alionyesha mwaka 1628 kwamba damu lazima izunguke, kwani mwili hauwezi kutengeneza mpya kiasi hicho.

Mimea sitawachosha. Bua la mchicha kwenye maji ya rangi usiku mmoja, kata, vidoa vyenye rangi ni zailemu, mirija inayopandisha maji. Chakula kinashuka kwa floemu, ndiyo maana mti ukibanduliwa gome kuuzunguka, juu ya jeraha huvimba.

Sasa Kiingereza, maana mtihani ndio unaandikwa nacho. Tulieleza kwa Kiswahili mpaka kila mtu akaelewa, kisha palepale kila mmoja akaandika sentensi mbili za Kiingereza, tukabadilishana. Msiruke hatua hiyo. Tulikuwa na orodha ya maneno arobaini, na dada wa Profesa, wa darasa la sita, alikuwa akituimlisha huku anacheka. Nani angejua zailemu inaanza na herufi eksi?

Mitihani ya nyuma isomwe mwisho, na ifanywe kwanza kimyakimya, kila mtu peke yake kwa saa, ndipo msahihishane kwa roho mbaya. Swali likiwa na maksi tatu, mwenzako asipoona hoja tatu asikupe tatu, hata kama ni rafiki yako wa chanda na pete.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani hatukusoma. Tulikwenda tu kumrudishia bibi sufuria lake. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele, akaitikia shikamoo zetu, halafu bila kuinua kichwa akauliza: "Damu ikitoka mapafuni inaingilia upande upi?"

Tukamjibu kwa pamoja: "Kushoto, bibi."

"Haya, nendeni mkalale."