Namna ya kuziba ukuta wa matofali ya kale

Kabla hujashika tindo, yajue matofali yako. Booker T. Washington, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa mwaka 1856 na baadaye akaongoza chuo cha Tuskegee, alikuwa na nyumba ya matofali iitwayo The Oaks huko Tuskegee, Alabama, iliyojengwa 1899. Matofali yalifyatuliwa na wanafunzi wa chuo chake, ramani akachora Robert R. Taylor. Lakini kazi ya matofali pale chuoni ilianza kwa hasara: tanuru la kwanza, lenye matofali kama 25,000, liliharibika, la pili hivyo hivyo, la tatu likabomoka usiku. Ili achome la nne, Washington aliweka saa yake rehani Montgomery kwa dola 15.

Nayasema haya kwa sababu tofali la mkono halichomeki sawasawa. Lililokaa karibu na moto hutoka gumu, jeusi jeusi. La pembeni huwa laini, ukilikwaruza kwa ufunguo linatoa unga. Basi usilipige simenti! Simenti ni ngumu kuliko tofali, na hairuhusu unyevu kutoka. Maji yanabaki ndani ya tofali, yakiganda wakati wa baridi yanaling'oa uso, vipande vinadondoka. Mota, yaani mchanganyiko unaoshikanisha tofali na tofali, ndiyo iumie, tofali libaki, maana mota utaiweka nyingine.

Kwangura mota iliyooza kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, kina mara mbili na nusu ya upana wa nafasi kati ya tofali na tofali. Mashine ya kukatia iache kwenye gari. Ikiteleza mara moja imekata ukingo wa tofali, na huo haurudi. Fagia vumbi, nyunyiza maji ukuta unywe, lakini usitiririke.

Changanya chokaa sehemu moja na mchanga safi sehemu mbili na nusu mpaka tatu. Mchanga utafute unaofanana na wa zamani kwa rangi na chembe. Wateja wengi hubishana nami hapa, mpaka waone kiraka cheupe katikati ya ukuta mwekundu. Shindilia tabaka la milimita sita, subiri likaze kiasi cha kidole gumba kutobonyea, ndipo uongeze jingine.

Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa, kwa hiyo jua kali na barafu ni adui zake.

Akija mtu kukushawishi usafishe ukuta kwa mashine ya kupuliza mchanga, mrudishie getini. Inakula ganda gumu lililopikwa na moto. Maji na brashi laini vinatosha.