Kuendesha testa ya rezo iliyo Likasi ukiwa umekaa Lubumbashi

Hii kitu nilianza juu ya barabara. Lubumbashi na Likasi ni kilomita 120 hivi, ukisema kwa mdomo si mbali, lakini weka peaji, weka makamyo ya shaba, weka ile moja iliyolala katikati ya njia, halafu unafika, unachomeka testa, ile masini ya mkononi ya kupima rezo (mtandao), unakuta kable ilichomoka tu nyuma ya kabati. Unairudisha, unageuza gari. Mwezi mmoja nilifanya hivyo mara tatu njo nikasema basi, masini itabakia kule na mimi nitabakia huku.

Yangu ni EtherScope nXG ya NetAlly, lakini testa nyingi za kushika mkononi zinafuata njia ile ile: ndani kuna seva ya VNC, ukiiwasha unaona ekrani yake kwa ordinateri yako na unagusa kwa mausi kama vile ni kidole. Ukiwa na OneTouch AT ya zamani yenye jina la Fluke Networks au NETSCOUT usishangae, ni ukoo mmoja, NetAlly ilitoka kwa NETSCOUT.

Sasa jambo ambalo likikushinda hili yote mengine ni bure: mlango unaoingilia usiwe ule ule unaoupima. EtherScope iko na poti za kupima, moja ya RJ45 na moja ya faiba, na pembeni iko poti ingine ya menejimenti peke yake. Watu wanachomeka kable moja tu kwenye poti ya kupima, wanaingia na VNC kupitia hapo hapo, wanabonyeza AutoTest, yaani majaribio yanayojiendesha yenyewe, testa inaangusha linki ili ianze upya, na ekrani inaganda. Umekata tawi ulilokalia, na tawi liko Likasi. Kwa hiyo poti ya menejimenti ipate kable yake, iende moja kwa moja kwenye ruta yenye 4G, na poti ya kupima iende kwenye swichi ya klayenti. Zisipate adresi za familia moja, maana zikiwa ndani ya rezo moja majibu yanaweza kutokea mlango usiotaka na utasumbuka usiku mzima bila kujua kwa nini.

Kwenye seting za jumla tafuta sehemu ya Management, washa VNC, weka neno la siri. Hapa angalia vizuri: VNC ya kawaida inasoma herufi 8 za kwanza tu, zinazobaki inatupa. Ukiweka Lubumbashi2024 ukajiona mjanja, mtu akiandika Lubumbas anaingia. Tena kwa kawaida VNC haifichi kinachopita njiani. Ndiyo maana poti 5900, ile ya VNC, usiifungue kwenye intaneti hata siku moja, hata kwa dakika tano za kujaribu.

Na kwa 4G zetu mara nyingi hata ungetaka kuifungua usingeweza. Angalia adresi ambayo ruta imepewa na opereta: ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya opereta mwenyewe, yaani wateja wengi wanatoka na adresi moja ya nje, hakuna mtu wa nje anaweza kukupigia. Basi Likasi njo itapiga simu. Mimi ninatumia WireGuard, ni VPN, tuneli ya siri ndani ya intaneti, kwenye ruta za Mikrotik, inataka mfumo wao wa RouterOS 7, ruta ya Likasi inaita ofisi ya Lubumbashi kwenye poti ya UDP 51820, na unaweka persistent keepalive, ishara ndogo ya kila sekunde 25, ili njia isifungwe kila ruta zikisahau kuongea. Upande wa Lubumbashi lazima uwe na IP ya umma. Kama hauna, kodisha seva ndogo huko nje, au weka Raspberry Pi (ordinateri ndogo) pale Likasi yenye Tailscale (VPN ingine) ikupitishe, hiyo pia inatembea vizuri.

Mtego ulionikula siku nzima ni huu. Mikrotik ikitoka kwenye katoni inakuja na rezo ya 192.168.88.0/24. Likasi ilikuwa hiyo, na Lubumbashi ilikuwa hiyo hiyo. Ninapiga ping (kuuliza kama masini iko) 192.168.88.50, adresi ya testa, inajibu haraka, milisekunde moja, nikafurahi, VNC inakataa. Milisekunde moja kwa 4G ya Likasi? Ile iliyokuwa inajibu ni imprimante (printa) ya ofisini kwetu! Badilisha upande mmoja kwanza, mimi niliweka Likasi 192.168.60.0/24, halafu kwenye DHCP ya ruta, ile inayogawa adresi, shika adresi ya testa na make static isihamehame. Na kule Lubumbashi, kwenye allowed address ya peer (ruta ya Likasi), weka adresi ya tuneli pamoja na hiyo rezo nzima ya 60, ukisahau hii utaona handshake, ile salamu ya ruta mbili, iko sawa lakini hakuna kitu kinapita.

Ikiunganika halafu ekrani ikabaki nyeusi, usikimbilie testa, shusha MTU ya WireGuard (ukubwa wa pakiti moja) kutoka 1420 uweke 1380 hivi. Na kwenye programu ya VNC punguza rangi na ubora wa picha, hautazami sinema, na mega zinalipwa.

Kuran, yaani umeme, sasa. Testa ibaki kwenye chaja, ruta ikae nyuma ya inverteri, juu delestaji (kukatwa kwa kuran) haikuambii inakuja saa ngapi. Yangu siku moja batri iliisha kabisa na kuran ilivyorudi haikuwaka yenyewe, nikampigia sentinele, mlinzi wa pale. "Papa, iko taa pale kwenye masini ya mkononi?" "Taa iko, mwanangu, ya ruta. Hii ingine imelala." "Finya butoni ya juu, hesabu mpaka tano." Akahesabu kwa sauti mpaka kumi, ikawaka. Tangu hapo nimebandika kipande cha skochi nyekundu kwenye ile butoni, na namba yake iko kwenye simu yangu karibu na ya mama.

Saa pia iweke Africa/Lubumbashi. Ukibishana na opereta aliye Kinshasa kuhusu mkatiko wa saa nane, kwake ilikuwa saa saba, na mtatafuta tatizo moja kwenye lisaa mbili tofauti.

Kabla ya kutoka Likasi, usijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi ya pale pale, hiyo inadanganya. Toka nje mpaka kwenye gari, tumia simu yenye SIM ya opereta mwingine, ingia kwa VPN, fungua VNC, bonyeza AutoTest. Ekrani ikiendelea kutembea wakati poti ya kupima inaanguka na kurudi, washa gari. Ikiganda, rudi ndani, kable iko kwenye poti isiyo yake.