Namna ya Kupima Usalama wa Mji Mdogo wa Uingereza Kabla ya Kuondoka Nairobi

Familia nyingi za Nairobi sasa zina mtoto, ndugu au jirani aliyepata kazi ya uuguzi au nafasi ya masomo katika mji wa Uingereza ambao hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuusikia. London na Manchester zinajulikana kwa sababu ya mpira na runinga, lakini barua inapotaja Kettering, Grantham au Bicester, wazazi huchukua simu, huandika jina la mji pamoja na neno uhalifu, na hukutana na tarakimu moja inayodai kwamba mji huo ni salama au ni hatari. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuivunjavunja tarakimu hiyo mpaka iseme jambo la maana kuhusu mtu atakayeishi mtaa fulani, atakayetoka kazini saa fulani, na ambaye atakuwa mgeni na Mwafrika. Nashikilia kwamba tarakimu ya mji mzima, ikiachwa peke yake, haifai kuamua lolote, liwe la kwenda au la kubaki.

Anza kwa kujua takwimu zinatoka wapi. Uingereza na Wales zina vikosi 43 vya polisi vya kimaeneo, na mji mdogo kwa kawaida huwa chini ya kikosi cha kaunti yake. Tangu mwaka 2011, tovuti ya police.uk imekuwa ikionyesha kwenye ramani makosa yaliyoripotiwa, mwezi kwa mwezi, hadi kiwango cha barabara. Ukiwa Umoja au Lang'ata unaweza kuandika msimbo wa posta wa nyumba inayotajwa kwenye mkataba, kisha wa mahali pa kazi, na ukaona mwenyewe. Chanzo cha pili ni Ofisi ya Takwimu ya Taifa, ONS, ambayo mbali na kutoa takwimu za rekodi za polisi huchapisha utafiti unaowauliza wananchi moja kwa moja ni uhalifu gani uliowapata, wawe waliuripoti au hawakuuripoti. Utafiti huo ulianza mwaka 1982.

Sababu ya kuwa na vyanzo viwili ataielewa upesi mtu wa Nairobi, ambako wengi walioporwa huenda kituoni kwa ajili ya nambari ya OB tu, yaani ya daftari la matukio la polisi, ili wapate kitambulisho kipya, na wengine hawaendi kabisa. Uingereza nako rekodi za polisi zimewahi kuwa na mapengo makubwa. Mwaka 2014 zilipokonywa hadhi ya kuwa takwimu rasmi za taifa, na mwaka huohuo wakaguzi wa polisi walibaini kwamba takriban kosa moja kati ya kila matano yaliyoripotiwa halikuandikwa. Vikosi vililazimika kurekebisha mwenendo, na idadi ya makosa ya ukatili ikapanda kwa miaka iliyofuata, kwa sehemu kwa sababu yaliyokuwa yakipuuzwa sasa yaliandikwa. Kwa hiyo, ukiona mchoro wa mji fulani ukipanda kuanzia mwaka 2014, usikate shauri kwamba mji umeharibika. Tazama kwanza iwapo unyang'anyi na wizi wa kuvunja nyumba nao ulipanda kwa kasi hiyohiyo.

Jambo la pili ni kigawanyo, na hapa ndipo watu wengi hupotoshwa. Kiwango cha uhalifu hutolewa kwa kila watu 1,000, na watu wanaohesabiwa ni wakazi. Tuseme mji una wakazi 12,000 na makosa 960 kwa mwaka. Kiwango chake ni 80. Lakini iwapo mji huo ni kituo cha maduka au ufuo wa likizo, walioibiwa na walioiba wengi hawalali humo. Bicester, mji mdogo wa Oxfordshire, una kijiji cha maduka ya fahari kinachovuta mamilioni ya wanunuzi kila mwaka, na Skegness, kwenye pwani ya Lincolnshire, hufurika wageni majira ya joto na kubaki mtulivu majira ya baridi. Ni kama kuchukua wizi wote unaotokea kati ya Makavazi ya Kitaifa na Barabara ya Tom Mboya na kuugawanya kwa watu wachache wanaolala katikati ya jiji: jibu litatisha, lakini halitakueleza lolote kuhusu usiku wa mtu anayeishi Buruburu. Kwa mji wa namna hiyo, soma takwimu za miezi ya Novemba hadi Februari kando na zile za Julai na Agosti.

Udogo wa mji wenyewe nao una mtego wake. Mahali ambapo unyang'anyi ulitokea mara mbili mwaka jana na mara nne mwaka huu, gazeti litaandika kwamba umeongezeka kwa asilimia 100, na hesabu itakuwa sahihi, ilhali hatari iliyomkabili mkazi wa kawaida imebaki ndogo mno. Chukua takwimu za miaka mitatu au zaidi, ulinganishe mji na miji mingine ya ukubwa na kazi ile ile, na uache kuulinganisha na London.

Baada ya hapo, tenganisha aina za makosa. Fungu linaloitwa ukatili na makosa ya kingono mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote, na humwogopesha mzazi anayelisoma akifikiria damu. Fungu hilo limebeba pia vitisho, unyanyasaji, kumfuatafuata mtu na mashambulizi yasiyoacha jeraha, na sehemu yake kubwa hutokea baina ya watu wanaojuana, ndani ya nyumba. Halipaswi kudharauliwa, hasa kwa binti anayekwenda kuishi na mchumba aliyemfahamu mtandaoni. Lakini kwa mgeni anayetembea kutoka kituo cha basi hadi nyumbani, makosa ya kutazama kwa makini ni unyang'anyi, wizi kutoka kwa mtu, kupatikana na silaha na, kwa ajili ya nyumba, wizi wa kuvunja. Wizi wa madukani unaweza kuujaza mji mzima tarakimu na usimguse mkazi hata mara moja. Kero za mitaani, kama kelele na vijana wakorofi, zimo kwenye ramani ingawa nyingi si makosa ya jinai kisheria.

Tahadhari moja kuhusu alama zenyewe za ramani: haziwekwi mahali hasa tukio lilipotokea. Ili kulinda faragha ya waathiriwa, kila tukio husogezwa hadi kwenye nukta ya karibu iliyoteuliwa, kwa mfano katikati ya barabara au kwenye eneo la kuegesha magari. Basi usiikatae nyumba kwa sababu alama imekaa mbele ya mlango wake, na usiikubali kwa sababu barabara yake haina alama. Tazama eneo lote la kutembea dakika kumi, kwa miezi kumi na miwili kamili. Ramani pia hutaja mwezi tu bila saa, na saa ndiyo inayobadilisha mambo katika mji mdogo. Barabara kuu yenye baa inaweza kuwa shwari kutwa, kisha Ijumaa na Jumamosi usiku ikawa na walevi na ugomvi, na kabla ya mapambazuko ikatulia tena.

Kuhusu saa, watu wetu hubeba kanuni ambayo haitafanya kazi. Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu jioni mwaka mzima, na mzazi anayemwambia mtoto arudi kabla ya giza anajua anachosema. Katika miji mingi ya Uingereza, mwezi wa Desemba jua huzama karibu na saa kumi jioni, na mwezi wa Juni hubaki hadi baada ya saa tatu usiku. Muuguzi wa zamu ya mchana atatoka gizani na kurudi gizani kwa miezi kadhaa, na hawezi kukwepa. Badala ya kuuliza kuhusu giza, ulizeni basi la mwisho huondoka saa ngapi siku za kawaida na Jumapili, maana miji mingi midogo haina basi usiku kabisa. Ulizeni kama njia ya kwenda stesheni ina nyumba zinazoitazama au inapita kando ya mfereji na vichaka. Na ulizeni kama halmashauri huzima taa za barabarani baada ya saa sita usiku, jambo ambalo baadhi ya halmashauri hufanya ili kupunguza gharama. Teksi za kukodi kwa simu lazima ziagizwe mapema, ziwe na kibao cha leseni ya halmashauri, na hazipaswi kupakia mtu aliyesimama tu kando ya njia.

Nyumba yenyewe haitakuwa na ukuta, geti, bawabu wala vyuma madirishani, na mama akionyeshwa kwa video atashtuka. Huo ni ujenzi wa kawaida huko na hauonyeshi uzembe wa mwenye nyumba. Kinachohitaji kukaguliwa ni kufuli ya mlango wa mbele na wa nyuma, kufuli za madirisha ya chini, na kama bima ya vitu vya nyumbani inakubali kufuli hizo. Funguo zisiachwe karibu na tundu la barua lililo mlangoni.

Sasa nije kwenye mzigo wa begi, kwa sababu mtu anaweza kufika salama na akawa mhalifu yeye mwenyewe kwa kutojua. Dawa ya pilipili ya kupulizia machoni, ambayo wanawake wengi wa Nairobi huibeba mkobani kwa ajili ya kujikinga, ni silaha iliyopigwa marufuku Uingereza chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1968. Kisu hakibebwi hadharani bila sababu inayokubalika kisheria, isipokuwa kile kidogo cha kukunja, kisichojikaza kikifunguliwa, chenye ubapa usiozidi inchi tatu, na kusema kwamba ni cha kujilinda si sababu inayokubalika. Miraa imekuwa haramu tangu Juni 2014. Shangazi akitaka kumtumia mtu zawadi ya nyumbani, atume majani ya chai.

Uhalifu unaoelekea zaidi kumpata mgeni hauonekani kwenye ramani ya polisi hata kidogo, nao ni utapeli. Utafiti wa ONS wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba utapeli ni takriban asilimia 40 ya uhalifu unaowapata watu wa Uingereza na Wales, lakini ramani ya barabara haiuorodheshi. Kwa Mkenya, utapeli huo huanzia hapahapa Nairobi. Tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza haipokei tena maombi mapya kutoka ng'ambo kwa kazi ya wahudumu wa malezi ya wazee na wagonjwa, kwa hiyo wakala anayeuza nafasi hiyo leo kwa mtu aliye Kenya anauza hewa. Kwa kazi nyingine, orodha ya waajiri wenye kibali cha kuleta wafanyakazi huchapishwa na serikali ya Uingereza na ni bure kuisoma. Tafuteni jina la mwajiri humo kabla ya kuuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa sako.

Hatua ya pili ya utapeli ni nyumba. Tangazo huonyesha chumba kizuri, mwenye nyumba husema yuko safarini, na kodi ya miezi kadhaa huombwa kwa haraka. Sheria inaweka mipaka iliyo wazi: kwa nyumba za kawaida, amana haizidi kodi ya wiki tano, fedha za kushikilia chumba hazizidi kodi ya wiki moja, na kwa mkataba wa kawaida wa kupanga mwenye nyumba lazima aiweke amana katika mojawapo ya mipango mitatu iliyoidhinishwa ndani ya siku 30. Anayeomba zaidi ya hapo, au anayekataa chumba kikaguliwe na mtu aliye huko, aachwe. Na mgeni akishafika, akipigiwa simu na mtu anayejiita afisa wa uhamiaji au wa kodi akitishia kumkamata asipolipa, akate simu. Anayejifanya wa benki ajibiwe kwa kukata na kupiga 159, ambayo humfikisha mteja kwenye benki yake ya kweli, na ujumbe wa kitapeli utumwe kwa 7726.

Rangi haiwezi kuachwa nje ya hesabu hii. Mwishoni mwa Julai 2024, baada ya wasichana watatu kuuawa Southport, mji wa pwani, uvumi wa uongo ulienea mtandaoni kwamba muuaji alikuwa mwomba hifadhi, na ghasia zikazuka katika miji mingi. Tarehe 4 Agosti, hoteli zilizowahifadhi waomba hifadhi zilishambuliwa Rotherham na Tamworth, ambayo wala si miji mikubwa. Siku chache baadaye, maelfu ya wakazi walijitokeza kuwakinga majirani zao. Somo la kiusalama hapa ni la vitendo: fuatilieni gazeti la mji husika kwa wiki kadhaa, na muangalie kama kuna maandamano yanayorudiarudia na yanafanyika wapi. Matusi ya kibaguzi yaripotiwe hata kama hayakuleta jeraha, kwa kuwa polisi huandika kosa kuwa la chuki kwa kuzingatia jinsi mwathiriwa alivyoliona.

Nambari za kuhifadhi kwenye simu ni 999 kwa dharura na 101 kwa jambo lisilo la haraka. Anayetaka kutoa habari bila kujulikana hupiga 0800 555 111. Baada ya kuripoti, mtu adai nambari ya rejea ya kosa, ambayo bima huitaka kama ilivyo kwa OB yetu. Polisi wengi wa huko hawabebi bunduki, na hakuna chai ya kuombwa kituoni.

Mwisho kabisa, mtafuteni Mkenya anayeishi mji huo, kupitia kanisa, msikiti au chama cha wauguzi. Msimwulize kama mji ni salama, maana atasema ndiyo ili asiwatie hofu. Mwulizeni huvaa nini na hupita njia ipi akitoka zamu ya usiku, ni barabara gani huiepuka Jumamosi, aliibiwa nini tangu afike, na alipopiga 101 alijibiwa baada ya muda gani.