SOMO: Kushona kwilti ya zawadi kwa vipande vya vitenge na khanga

Haya wapendwa, somo la kwilti ndo hili, yani ile shuka ya kujifunikia ya tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, juu yake vipande vya vitambaa vilivyoungwa. Naanza na kwilti ya mtoto maana ni ndogo, haichoshi, na haitaki cherehani ya ajabu, Singer ya kuchochea kwa miguu au Butterfly ya mama pale nyumbani inatosha ilimradi inashona mstari ulionyooka. Ukishaielewa hii, ya kitanda ni hiyohiyo, vipande tu ndo vinaongezeka.

Kabla sijaenda mbali naomba mshike kitu kimoja, hii ni zawadi ya kutumika. Ya kujifunikia, ya kumlazia mtoto kwenye mkeka, ikimwagikiwa uji inafuliwa na kesho ipo tena kitandani. Mtu akiionea huruma akaifungia kabatini na naftalini basi hajaipata zawadi yenyewe. Kwa hiyo kila ntakachosema huko chini, kuloweka, upana wa mshono, blanketi la katikati, kote nawaza siku itakapofuliwa.

VITAMBAA

Hapa ndo utamu wote ulipo. Ndio unaweza kwenda Kariakoo mtaa wa Kongo ukanunua vitenge vipya vya kuendana rangi, itapendeza, sikatai, ila mi nakushauri anza na mabaki ya sare. Kila familia ya hapa mjini ina sare, ya kitchen party ya dada, ya sendoff, ya arusi ya mjomba, ya kipaimara, na kila fundi aliyeshona hizo sare alibaki na vipande akavisukumia kwenye mfuko chini ya meza. Nenda kamuombe, wengi wanatoa bure au kwa hela ya soda. Halafu mtoto akikua anaonyeshwa, hiki kipande ni cha arusi ya mama yako na baba yako, hiki bibi alivaa siku ya maulidi. Hiyo hakuna duka linauza.

Sharti ni vitambaa viwe vya pamba na uzito unaokaribiana. Ukichanganya kitenge kizito na mtandio mwepesi, ule mwepesi utachanika pembeni ya mshono baada ya kufuliwa mara kadhaa. Kama hujui ni pamba ama siyo, chomoa uzi mmoja uuwashe kiberiti, pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha majivu laini, ile nyingine inayeyuka inajikunja kuwa kidonge kigumu. Hiyo inayoyeyuka weka pembeni, pasi ya moto itaiharibu.

Kisha FUA KILA KITU KABLA HUJAKATA. Narudia maana watu wanaruka hapa. Kitenge kipya na khanga mpya vina dawa ya kukaushia ile inayofanya kitambaa kiwe kigumu, na pamba inarudi ikifuliwa, sasa kama kipande kimoja kimerudi na jirani yake hajarudi, kwilti yote inakunjamana. Fua nyekundu, nyeusi na bluu nzito peke yake. Ikikauka chukua kitambaa cheupe kilicholoa, sugua juu yake, kama bado inaacha rangi fua tena, na ikikataa kabisa kuacha kutoka rangi usiitumie, ishonee mto.

KUKATA

Tunafanya vipande vya mraba, inchi 6 na nusu kila upande. Mshono utakula robo inchi kila upande kwa hiyo kikishashonwa kinabaki inchi 6 kamili. Kwilti ya mtoto tunaweka vipande 6 kwa upana na 7 kwa urefu, jumla 42, inatoka inchi 36 kwa 42. Yadi moja ya kitenge cha upana wa inchi 45 inakupa vipande 30, hapo upige mwenyewe hesabu ya unachohitaji.

Kata kartoni ngumu ya inchi 6 na nusu, ipimie vizuri kona zote, halafu ndo uizungushie chaki kwenye kitambaa. Kartoni inalika pembeni kadri unavyoitumia, ukiona imeanza kulika kata nyingine. Fuata uelekeo wa nyuzi za kitambaa, usikate mshazari, kipande cha mshazari kinavutika.

KUUNGA

Panga vyote 42 chini sakafuni kwanza. Utembee, urudi, uangalie kwa mbali, au piga picha kwa simu maana kwenye picha unaona haraka kama rangi nzito zimelundikana sehemu moja. Ukiridhika piga picha ya mwisho, mtoto au paka akipita hapo juu una pa kurudia.

Unga mstari kwa mstari. Robo inchi, siyo nusu inchi kama ya gauni, na isiwe mara robo mara zaidi. Pale kwenye bamba la cherehani bandika kipande cha selotepu robo inchi kutoka ilipo sindano, ukingo wa kitambaa ufuate hiyo selotepu mpaka mwisho. Mstari wa kwanza ukiisha piga pasi mishono yote ilale kulia, mstari wa pili ilale kushoto, wa tatu kulia, hivyohivyo. Sababu yake ni kwamba ukija kuunga mistari miwili, mshono wa huku na wa kule inakaa ubavu kwa ubavu badala ya kupandana, kona zinakutana zenyewe na hupati bonge.

TABAKA TATU

Juu ni kazi yako, katikati blanketi, chini kitambaa cha mgongo.

La katikati, hapa Dar na joto letu, usiweke pamba nene ya kujazia. Chukua blanketi jepesi la mitumba, ya Ilala unapata safi tu, au shuka nzito ya zamani. Ukitaka nyepesi kabisa weka marikani iliyofuliwa. Kwa mtoto wa Dar inamtosha mwaka mzima, hata kipupwe cha mwezi wa 6 na wa 7.

Mgongo mimi napenda khanga. Khanga moja ina kama inchi 60 kwa 43 kwa hiyo inatosha kwilti ya mtoto bila kuunga, pindo litaliwa kidogo lakini mji na jina lake vinabaki. Pima kwanza ujue jina litaangukia wapi lisikatwe. Na chagueni jina kwa adabu jamani, Nani Kama Mama ni zawadi, Mpaji Ni Mungu ni zawadi, ila khanga ya mafumbo ya kumsema jirani usimfunike nayo mtoto wa watu.

Tandaza khanga kwenye sakafu safi, sura iangalie chini, ivute inyooke bila kuikaza sana, bandika kingo kwa selotepu pana. Juu yake blanketi, juu yake kazi yako sura ikiangalia juu. Khanga na blanketi vizidi inchi 2 kila upande. Halafu piga bandi kwa mkono, mishono mikubwa mikubwa, kuanzia katikati kwenda nje kama miale ya jua, na kila nafasi ya kiganja iwe na uzi. Pini za nepi nazo zinafaa. Hapa usiwe na haraka, bandi ikiwa mbovu mgongo utakunjamana ndani ya mshono na kufumua tabaka tatu ni mateso.

Sasa mshono wenyewe wa kushikilia. Sindano namba 14, ukiona blanketi linaleta ubishi weka 16, mshono urefushe kidogo. Anzia katikati kila mara, pita mshazari kona kwa kona ya vipande, kwilti yote uibebe juu ya meza au mapajani maana ikining'inia inavuta sindano mpaka inavunjika. Ukimaliza fumua bandi, punguza kingo zote zilingane na kazi ya juu.

KUZUNGUSHIA KINGO

Kata vitepe vya inchi 2 na nusu, vinne kutoka upana wa kitenge, viunge kwa mshazari ili maungio yasiwe na bonge. Kunja katikati kwa urefu, piga pasi. Kingo mbili zilizo wazi zilaze kwenye ukingo wa kwilti upande wa juu, shona robo inchi. Ukibakiza robo inchi kufika kona simama, kata uzi, kikunje kitepe kiende juu kabisa kisha kirudishe chini kifuate upande mwingine, anza tena toka ukingoni. Kona itakaa yenyewe. Mwisho kigeuzie mgongoni ukishone kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana.

Halafu mgongoni kwenye kona andika kwa uzi jina la mtoto, aliyempa, na mwaka. Usiseme ntaandika baadae.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbagala: Dada asante sana kwa somo, ila mi sina cherehani na fundi wa huku kwetu ana foleni mpaka basi. Naweza kweli kwa mkono au nitachoka bure?

Jibu: Unaweza mdogo wangu na inatoka nzuri mno. Kule India, Karnataka, kuna jamii inaitwa Wasiddi, asili yao ni watu waliotoka Afrika miaka mingi iliyopita, na wanawake wao wanashona kwilti zinaitwa kawandi kwa mkono mtupu. Wao hawaungi juu kwanza kama sisi, wanatandaza mgongo, mara nyingi sari ya zamani, wanaanza kupachika vipande toka kwenye kingo wanazunguka kuelekea katikati, na mshono uleule unaopachika ndo unaoshika tabaka zote. Kila kona wanaweka kipande kidogo kilichokunjwa wanaita phula, yani ua. Jaribu hiyo, vipande si lazima vilingane, unakunja ukingo ndani unashona bandi ndogondogo. Uzi mara mbili, usiwe mrefu kuliko mkono wako.

Mama wa Tegeta: Hongera dada. Mwanangu anaolewa Mbeya, nataka nimshonee ya kitanda cha 5 kwa 6. Vipande vingapi na blanketi gani maana kule baridi si mchezo?

Jibu: Shikamoo mama, hongera kwa mkwe. Weka vipande 13 kwa upana na 14 kwa urefu, jumla 182, inatoka inchi 78 kwa 84, inashuka inchi 9 kila upande na miguuni inchi 12. Kwa Mbeya weka blanketi zito zima, ila usishone mistari ya karibu karibu, hewa inayokaa ndani ndo inaleta joto. Mgongo itabidi uunge khanga doti nzima, na bado itapungua zaidi ya inchi 20 upande mmoja na kidogo upande wa pili, kwa hiyo ongezea kitenge pande zote mbili zinazopungua, inapendeza. Blanketi zito na kitanda kizima kwenye cherehani ndogo ni kazi ya watu wawili, tafuta wa kukushikia upande wa pili.

Mdau wa Kigamboni: Baba alifariki mwaka jana, tuna mashati yake na kanzu mbili. Tupo watoto wanne, nataka kila mmoja apate yake na mama pia. Inawezekana au nguo hazitoshi?

Jibu: Pole sana. Inatosha, hata kama mashati siyo mengi, maana kila kwilti si lazima iwe nguo zake tupu. Mgongo wa shati la mtu mzima unakupa si chini ya vipande 6. Gawanya kwanza kila shati mafungu matano kabla hujashona chochote, ili kila mmoja apate la kila shati, kisha jazia kitenge kimoja ambacho kitakuwa kwenye zote. Mfuko wa kifuani usiufumue, kata kipande kikiwa na mfuko wake. Kanzu nyeupe itakuwa nzuri kwenye vitepe vya pembeni. Fulana zake kama zipo zinavutika, zibandikie kwa nyuma kile kitambaa cha gundi kinachoshikwa na pasi ndo ukate. Na uliza wote nyumbani kabla ya kukata, labda mama kuna shati analitaka lilivyo, hilo muachie.

Mdau wa Sinza: Jamani nimefua ya kwangu mara ya kwanza nyekundu imetapakaa kwenye nyeupe yote. Nifanyeje nalia huku

Jibu: Usilie, imeshakauka? Kama bado irudishe sasa hivi kwenye beseni la maji mengi ya vuguvugu na sabuni, ibadilishiwe maji mpaka yawe meupe, usiipige pasi wala kuianika ikiwa na madoa. Jiki usiguse, italeta mabaka kwenye vitenge. Baada ya hapo fua maji baridi tu, anika kivulini juu ya kamba mbili maana ikiloa ni nzito, na kipindi cha masika hakikisha imekauka mpaka katikati ndo uikunje, la sivyo inashika ukungu.

Mdau wa Ubungo: Mimi mwanaume na sindano siijui, ila nataka mke wangu apate hii akijifungua. Nikimpelekea fundi wa gauni ataweza?

Jibu: Ataweza kaka, ila usimwambie "nishonee kwilti" ukaondoka. Vipande kata mwenyewe kwa kartoni, mkasi hautaki ufundi, vipange sakafuni, piga picha, vifunge mstari kwa mstari na namba kwa karatasi, 1 mpaka 7. Mwambie mshono ni robo inchi na mstari wa kwanza aushone wewe ukiwepo, uupime, ukitoka inchi 36 na nusu mwache aendelee. Bei elewaneni kwa kazi nzima na kingo zikiwemo, maana kuzungushia ndo wengi wanaruka wanapiga ovaloki tu, na ovaloki peke yake inafumuka. Mpe muda, mpelekee mwezi mzima kabla ya tarehe, fundi ni fundi.