Kuboresha Picha kwa Shuka, Kadibodi na Uzi

Picha nyingi huharibiwa na mwanga mbaya au na mkono uliotikisika, na kasoro zote mbili hutibika kwa vitu vilivyomo nyumbani kabla mtu hajafikiria kununua kamera nyingine.

Mwanga ndio wenye kazi kubwa. Zima taa za chumbani, kwa sababu mwanga wa balbu ukichanganyika na ule wa mchana, upande mmoja wa uso huweza kuonekana wa manjano na wa pili wa buluu. Kisha mkalishe unayempiga picha ubavu wake ukielekea dirishani. Jua likipenya moja kwa moja, tundika shuka jeupe dirishani, nalo litautawanya mwanga na kulainisha vivuli vikali vya chini ya pua na kidevu. Upande wa uso ulio mbali na dirisha bado utakuwa na giza, na hapo ndipo kadibodi nyeupe inapofaa: isimamishe mkabala na dirisha, nje kidogo ya eneo linaloingia kwenye picha, uisogeze polepole huku ukilitazama jicho lililo kivulini, nawe utaona giza likipungua kadiri kadibodi inavyokaribia. Karatasi ya alumini iliyofinyangwa, ikakunjuliwa na kubandikwa kwenye kadibodi, hurudisha mwanga mwingi zaidi, ila ni mkali mno. Kwa uso wa mtu, mimi naona nyeupe yatosha. Ukilazimika kutumia taa ndogo badala ya dirisha, iweke karibu, kwani umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unaofika hubaki robo tu.

Kuhusu kutikisika, kanuni ya zamani ni kwamba kamera yenye lenzi ya milimita 50 (namba iliyoandikwa kwenye lenzi) ikishikwa mkononi, muda wa kuingiza mwanga usizidi takriban 1/50 ya sekunde. Mwanga ukiwa hafifu na ukalazimika kuurefusha muda huo, tumia uzi. Kamera nyingi zina tundu la skrubu ya robo inchi upande wa chini. Funga humo skrubu fupi, bila kuilazimisha, ukiwa umeifungia uzi imara unaofika sakafuni. Kanyaga ncha ya uzi, kisha vuta kamera juu mpaka uzi ukazike. Mkono utatulia, ingawa hautatulia kiasi cha kupiga picha ya sekunde nzima.

Kwa picha za usiku, jaza mchele au maharage katika mfuko wa kitambaa, uache nafasi ili uweze kubonyea, ulaze juu ya ukuta au meza na uikandamizie kamera au simu humo. Weka kipima muda cha sekunde 2, kwa sababu kule kubonyeza kitufe tu kunatosha kuitikisa.

Wenye simu wafute lenzi kwanza kwa kitambaa laini cha pamba, kwani mafuta ya vidole huzifanya taa za usiku zizungukwe na ukungu ambao hakuna programu inayouondoa vizuri.