Gari la chini na matuta ya Dar

Wenye gari za michezo zilizolala mbele, kinachokwangua bampa mara nyingi si tuta, ni breki. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele na pua inainama. Kwa hiyo punguza mwendo mapema, kisha achia breki kabla tairi halijagusa tuta, pua inyanyuke. Panda mshazari, tairi moja moja, na ushuke vivyo hivyo. Bajaji nyuma yako atapiga honi; mwache apige, bampa si lake.

Yale matuta ya zege ambayo wakazi wamejimwagia wenyewe kwenye mitaa ya ndani, Sinza kwa mfano, ni makali kuliko ya barabara kuu. Mengine hayafai kujaribu, zunguka tu.

Kwenye maegesho yenye kingo ingia kinyumenyume.

Ukishakwangua, chungulia chini. Ile plastiki ya chini ya bampa hushikwa na klipu, na zikichomoka mbili tatu inaanza kuning'inia, kisha upepo unaikunja hadi kwenye tairi. Klipu ni za bei ndogo, nunua za akiba Kariakoo uziweke kwenye gari.