Boti kuukuu ya faiba: toboa chini kabla hujanunua resini

Nimejifunza hili kwenye boti ya faiba inayofufuliwa, na linaokoa fedha nyingi. Kabla hujabandua chochote, toboa matundu madogo ya majaribio kutoka NDANI, kwa keekee ya milimita 6, pale chini kabisa: ubao wa nyuma unaobeba mashine, na mataruma (mbao za kuimarisha boti, zilizofunikwa kwa faiba) karibu na ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapojikusanya. Vuta taratibu ukiangalia unga unaotoka. Ukiwa mkavu na mweupe, mbao ni nzima. Ukiwa wa kahawia iliyokolea, unashikamana vidoleni kama udongo na una harufu ya uvundo, ubao umeoza hata kama faiba ya juu inang'aa. Maji hushuka na kutuama chini, ndiyo maana tundu la juu hudanganya.

Foamu ya chini ya sakafu nayo ipimwe hivyo hivyo: kata tundu la sentimita 5 upande wa tezi (nyuma ya boti), chomoa kipande mpaka cha chini kabisa, kikamue. Kikitoa maji, usihangaike kuanika boti juani. Maji yamenaswa ndani ya vijishimo vya foamu na hayana pa kutokea, ikatwe itolewe.

Njia hii haifai boti ikiwa imetoka kunyeshewa au kuoshwa. Wala tundu moja kavu si ushahidi, kwa sababu uozo huanzia penye skrubu na kusambaa kwa mabaka. Toboa kadhaa, na matundu yote uyazibe kwa epoksi (resini ya kugundisha), hata yaliyotoka makavu.